Anayetaka Kuusoma Mwezi Aanzie Ndolezi

Kila nikiulizwa na mzazi, au na kijana aliyepatwa na hamu ya elimu ya falaki, aanzie wapi kuusoma Mwezi, naye akitazamia nimtajie bei ya darubini au jina la kitabu, jawabu langu limekuwa moja kwa miaka mingi: ikiwa yeye ni mkaazi wa mkoa huu wetu wa Songwe, basi na aanze kwa safari ya mchana mmoja, aiache njia kuu iendayo Tunduma, aingie vijijini mpaka Ndolezi katika wilaya ya Mbozi, akasimame mbele ya lile pande la chuma lililolala katika mteremko wa kilima cha Marengi, aliguse kwa kiganja chake, na usiku wa siku ile ile, mbingu ikiwa safi, ainue macho autazame Mwezi. Wako wanaodhani kuwa nawapa jawabu hili ili kuwaepuka. Sivyo. Nimewaona watu waliokaa na darubini nzuri mwaka mzima wasiufahamu Mwezi, kwa sababu hawakupata kamwe kugusa kitu cha jinsi ile iliyoufanya uso wa Mwezi uwe na sura iliyo nayo.

Pande lile, ambalo sisi twaliita Kimondo bila ya kuongeza neno, lina urefu wa takriban mita 3, na uzito wake wakadiriwa kuwa tani 16, likawa miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vilivyopata kujulikana duniani, ingawa kile cha Hoba huko Namibia, chenye tani 60 hivi, kimelizidi mno. Karibu sehemu 90 katika 100 za mwili wake ni chuma, na sehemu 9 hivi ni nikeli. Wenyeji walilijua tangu zamani na wakaliwekea miiko yao. Katika maandishi ya wataalamu liliingia mwaka 1930, baada ya mpima ardhi mmoja aliyeitwa W. H. Nott kulikuta. Wakati ule sehemu yake kubwa ilikuwa imefukiwa, na walipolichimbua waliuondoa udongo wa pembeni wakaacha nguzo ya udongo chini yake, nguzo ambayo baadaye iliimarishwa kwa saruji, na ndiyo maana mgeni wa leo huliona limekaa kama juu ya kiti, na ardhi imelizunguka kwa juu. Shimo lile alionalo mgeni ni kazi ya majembe, wala lisimdanganye akadhani limechimbwa na Kimondo chenyewe.

Hapo ndipo nimtakapo mwanafunzi asimame ajiulize: ikiwa pande zito namna hii lilidondoka kutoka juu, liko wapi basi shimo lililochimbika siku ile? Atazunguka kilima chote asilione. Hewa ya dunia yetu ililipokea na kulipunguza kasi kabla halijafika chini, na jeraha lolote ambalo ardhi ililipata limekwisha kufutwa zamani na mvua zinyeshazo hapa tangu Novemba mpaka Aprili, na mizizi ya miti, na mchwa wanaopandisha udongo, na majembe ya wakulima wa kahawa na mahindi, kizazi baada ya kizazi. Nako kufutwa kwake huko ndiko kunakowafanya wataalamu waamini kwamba Kimondo kimekuwapo pale kwa maelfu ya miaka. Ardhi yetu ni kama ubao wa shule ambao kila jioni kuna mtu apitaye na kitambaa akaupangusa.

Mwezi hauna mwenye kitambaa. Hauna hewa ya kupunguza kasi ya kitu kinachoujia, hauna mvua, hauna mto, hauna mzizi wala mchwa, na kwa hiyo kila pigo ulilolipata tangu zaidi ya miaka milioni elfu nne iliyopita limebaki limeandikwa usoni pake, ila lile lililoandikwa juu yake pigo jingine. Nyayo za wale watu wawili waliotembea katika Bahari ya Utulivu mwezi wa Julai mwaka 1969, hatuna sababu ya kudhani kuwa zimefutika hata leo. Basi sisi wa Songwe tunalo jiwe lisilo na shimo, na Mwezi unayo mashimo yasiyo na mawe. Na mtu aliyeufahamu uhusiano wa mambo haya mawili amekwisha kuielewa nusu ya elimu yote ya uso wa Mwezi kabla hajatoa senti yake moja kununua chombo.

Nimesema mashimo yasiyo na mawe, na neno hili lataka ufafanuzi, maana hapa ndipo wataalamu wenyewe waliposhikana kwa hoja kwa muda mrefu. Watu wengi wa nyanda hizi wameiona kasoko kwa macho yao: wamepanda Ngozi kule Rungwe wakachungulia ziwa lililo chini, au wamesikia habari za Ngorongoro, ambayo upana wake hukaribia kilomita 20. Kasoko hizo ni kazi ya moto wa ndani ya ardhi. Volkano ilitapika, tumbo lake likabaki tupu, na kilele kikaporomokea ndani. Haikuwa ajabu basi kwamba wataalamu wengi, hata katikati ya karne ya 20, walidhani kuwa kasoko za Mwezi nazo ni volkano zilizozimika. Hoja yao kubwa ilikuwa ni umbo: karibu zote ni duara, na mtu atupaye jiwe kwa upande katika matope hapati duara, hupata mfereji, nayo mawe ya mbinguni, walisema, hayawezi kuwa yameshuka yote wima.

Jawabu lake lataka mtu awaze kasi. Jiwe litupwalo kwa mkono huusukuma udongo tu, lakini jiwe liujialo Mwezi huweza kwenda kilomita 20 kwa sekunde moja, mwendo ambao ungelitoa Tunduma likafika Vwawa kabla hujamaliza kutamka majina ya miji hiyo miwili, na kitu cha kasi hiyo kikigonga mwamba husimama ghafula, na nguvu yake yote hugeuka joto na mripuko, nacho chenyewe huyeyuka na kuwa mvuke. Mripuko hausukumi upande mmoja. Husukuma pande zote sawasawa. Ndiyo maana shimo likawa duara hata kama jiwe lilikuja kwa mshazari, na ndiyo maana jiwe lenyewe halionekani tena. Mmarekani Ralph Baldwin aliitetea rai hii katika kitabu chake cha mwaka 1949, na mwenzake Eugene Shoemaker, aliyelichunguza lile shimo kubwa la jangwa la Arizona, akawaonyesha watu mwaka 1960 kwamba madini yaliyomo mle hayawezi kuzaliwa ila kwa shinikizo la pigo. Tangu hapo shaka ilianza kuondoka.

Mwalimu au mzazi atakaye kuwafahamisha watoto jambo hili asihitaji maabara. Achukue karai, alijaze majivu makavu kiasi cha vidole vinne, alisawazishe, kisha apepete juu yake vumbi jekundu la njiani, jembamba mno, lifunike weupe wa majivu. Awape watoto vijiwe vya ukubwa mbalimbali, wavidondoshe kutoka magotini, kisha kutoka kifuani, kisha wakiwa wamesimama juu ya kiti. Wataona ukingo ukiinuka kuzunguka shimo. Wataona kwamba upana wa shimo huushinda upana wa jiwe. Na wataona majivu meupe yakirushwa juu ya wekundu yakachora mistari kama miali. Miali hiyo waikumbuke, kwa sababu wataikuta tena katika Mwezi wa kumi na nne. Naomba tu wasitumie unga; nimeona mahali wakifanya hivyo, na sioni kuwa elimu inapata faida yoyote kwa kumwaga chakula cha watu.

Sasa tuje kwenye kutazama kwenyewe. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kungoja Mwezi mpevu. Kwa kuwa ndio uliojaa na ung'aao, hudhani ndio uonyeshao mengi, kumbe usiku ule jua linaupiga Mwezi uso kwa uso, hakuna kivuli, na pasipo kivuli kilima na shimo huwa sawa. Mkulima anajua kwamba matuta ya shamba huonekana vizuri asubuhi na jioni, jua likiwa chini, na saa sita za mchana shamba lote huwa kama limelala. Mwezi nao una asubuhi yake, nayo ni ule mstari utenganishao nuru na kiza. Utazame Mwezi kwenye mstari huo, usiku baada ya usiku, tangu ulipoandama mpaka usiku wa kumi hivi, na utapata katika juma moja elimu ambayo Mwezi mpevu hautakupa kwa mwaka.

Nao mstari huo hausimami. Kwa kuwa siku moja ya Mwezi, tangu macheo hata macheo mengine, ni siku 29 na nusu zetu, jua hupanda huko polepole mno, na alfajiri husonga katikati ya Mwezi kwa mwendo wa kilomita 15 hivi kwa saa, yaani mwendo wa mtu wa baiskeli asiye na haraka. Kaa saa moja na darubini yako, uchague kinukta kimoja cha nuru kilichojitenga peke yake ndani ya kiza, ambacho ni kilele cha mlima kilichowahi jua kabla ya bonde lake, na utaiona nuru ikiteremka, mpaka kilele kikashikana na nchi ya mwangaza. Sijui tamasha lingine la mbinguni lililo la kimya namna hiyo likamshika mtu hata akasahau baridi ya Juni.

Darubini ninayoinasihi kwa mwanzo ni ya macho mawili, ile watumiayo watazamao wanyama na ndege. Ni rahisi kuipata kuliko darubini ndefu ya mguu, na haimtaabishi mwanafunzi. Ila nchi yetu ina jambo lake: tuko nyuzi 9 hivi kusini ya mstari wa ikweta, na kwa hiyo Mwezi wetu hupita juu ya utosi au karibu yake, na mtu atazamaye akiwa amesimama ataumia shingo kabla ya robo saa, na mikono itamtetemeka. Tandika mkeka au jamvi, lala chali, uegemeze viwiko kifuani. Ukitazama Mwezi unaoshuka magharibi, egemea ukuta au paa la gari. Wala usikate tamaa ukiwa mjini. Nyota huogopa taa, lakini Mwezi hauziogopi, na nimepata kuutazama vizuri kabisa hapo Tunduma, kandokando ya ile safu ya malori yangojayo zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, taa zikiwa kila upande na injini zikinguruma. Madereva walalao pale usiku mmoja, na pengine zaidi, wana fursa ambayo wanafunzi wengi wa vyuo hawana, kwa sababu wao hulala macho.

Tangu usiku wa tatu au wa nne Mwezi mwandamo utauona magharibi umelala kama dau, ncha zote mbili juu, na sehemu iliyo na nuru iko chini. Vitabu vitokavyo Ulaya huuchora umesimama kama mundu, kwa sababu kwao ndivyo uonekanavyo, na mtoto wetu afunguapo kitabu kisha akatoka nje hudhani kuwa amekosea. Hakukosea, mchoro ni wa watu wa nchi nyingine. Katika tumbo la dau hilo, kulia kidogo, utaona doa jeusi la mviringo lililojitenga na mengine: hiyo ni Bahari ya Misukosuko, yenye upana wa kilomita 500 na zaidi, na ndiyo alama ya kwanza ambayo mwanafunzi aijue kama ajuavyo mlango wa nyumba yao. Na juu ya dau utaona sehemu iliyobaki ya Mwezi ikionekana kwa weupe hafifu kama wa majivu. Nuru ile si ya Mwezi wala haikutoka juani moja kwa moja. Ni nuru ya jua iliyoipiga dunia yetu, mawingu na bahari zake, ikaruka mpaka Mwezini, ikarudi tena kwetu.

Hizi ziitwazo bahari hazina tone la maji. Giovanni Riccioli, aliyetoa ramani yake mwaka 1651, ndiye aliyezipa majina mengi yatumikayo hata leo, wakati ambapo haikujulikana bado kama zina maji au hazina. Ni tambarare za mwamba mweusi ulioyeyuka zamani ukafurika katika mabonde makuu yaliyochimbwa na mapigo makubwa kuliko yote, kisha ukaganda. Kwa hiyo waliosema habari za volkano hawakukosea kila kitu. Bahari ya Mvua peke yake ina upana wa zaidi ya kilomita 1,100.

Usiku wa saba au wa nane, Mwezi ukiwa nusu, ndio usiku ninaoupenda kupita zote. Uelekee magharibi ukiutazama, na kushoto kidogo ya katikati ya mstari wa nuru na kiza utaona kasoko tatu zimefuatana kama vyungu vilivyopangwa barazani, kubwa, ya kati, na ndogo yenye kuta kali. Ya kwanza yaitwa Ptolemaeus, yule mwenye falaki wa Iskandaria ambaye Waarabu walimwita Batlamyus, na upana wake ni kilomita 150 na kitu. Ya pili ni Alphonsus. Na ya tatu ni Arzachel. Jina hili la tatu lisikupite. Arzachel ni matamshi ya Wazungu wa zamani ya al-Zarqali, mwanachuoni wa Andalusi aliyepima mwendo wa nyota huko Toledo katika karne ya 11. Karibu naye, upande wenye nuru, iko kasoko ya Albategnius, ambaye ni al-Battani. Na hapo jirani pana ndogo iitwayo Thebit, ambaye ni Thabit ibn Qurra. Ukingoni mwa Mwezi, karibu na ile Bahari ya Misukosuko, yuko Alhazen, naye ni Ibn al-Haytham, aliyetufunza jinsi nuru inavyoliingia jicho. Nimekuwa nikiwaambia vijana wanaosoma madrasa na wale wanaosoma shule kwamba majina haya wayakariri, kwani lugha yetu yenyewe imerithi neno falaki kutoka kwa watu hao, na ni haki kwamba kijana wa Kiswahili aijue anwani yao huko juu.

Usiku mmoja au mawili baadaye hutokea Copernicus, kasoko yenye upana wa kilomita 93, ambayo ukitaka kuiwazia, wazia kwamba ukuta wake mmoja uko Tunduma na wa pili uko karibu na mji wa Mbeya, na kati yao bonde limeshuka kwa ngazi ngazi, na katikati pana milima. Na upande wa kusini kuna Tycho, kilomita 85, yenye kina cha zaidi ya kilomita 4, kiasi kwamba Mlima Rungwe ungetiwa mle ukasimamishwa kutoka kitako mpaka kilele, usingetokeza. Tycho ni changa kwa hesabu za Mwezi, yakadiriwa kuwa na miaka milioni 108, na uchanga huo ndio utupao lile jambo pekee ambalo Mwezi mpevu hulionyesha kuliko usiku wowote: miali myeupe iliyotoka kwake ikatapakaa karibu nusu ya uso wa Mwezi, ile ile ambayo watoto waliichora kwenye karai la majivu. Mwezi wa kumi na nne unapochomoza mashariki, Tycho utaikuta upande wako wa kulia, na alfajiri ukienda kutua magharibi utaikuta kushoto, maana ni wewe uliyegeuka, uso wa Mwezi haukugeuka.

Basi yafaa sasa tuseme habari za mwendo wake. Mwezi uko mbali nasi kwa kadiri ya kilomita 384,400. Mtu angesafiri kwa reli ya TAZARA tangu Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi zaidi ya mara 200 ndipo aumalize umbali huo. Wengi huuwazia u karibu kuliko hivyo, kwa sababu picha za vitabuni huubana ili uenee ukurasani. Chukua mpira wa miguu uwe dunia, na limau liwe Mwezi, kisha lipeleke limau hatua saba au nane ndefu kutoka kwenye mpira. Hapo ndipo pake. Tena mahali hapo si pamoja daima, kwa kuwa njia yake si duara kamili. Kuna siku hutukaribia kiasi cha kilomita 363,000, na siku hutukimbia mpaka kilomita 405,000.

Jambo hili la kukaribia na kuwa mbali watu wa nyanda hizi walilishuhudia mchana wa tarehe 1 Septemba 2016, pale umati ulipokusanyika Rujewa, wilaya ya Mbarali, kutazama jua likipatwa. Mwezi ulipita katikati kabisa ya jua, walakini siku ile ulikuwa mbali kiasi, ukaonekana mdogo kuliko jua, usiweze kulifunika lote. Ikabaki pete ya moto kuuzunguka kwa dakika tatu hivi. Ungekuwa karibu zaidi, mchana ungeligeuka usiku. Nakumbusha hapa, na silitamki kwa desturi tu, kwamba jua halitazamwi kwa macho matupu, licha ya darubini, ila kwa miwani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Jicho lililoungua kwa jua halihisi maumivu wakati linapoungua. Kupatwa kwa Mwezi hakuna hatari yoyote. Waliokesha tarehe 7 Septemba 2025 waliuona umegeuka rangi ya shaba tangu saa 2:30 usiku mpaka karibu na saa 4, ukiwa ndani ya kivuli cha dunia, na wekundu ule ulikuwa ni nuru ya macheo na machweo yote ya dunia iliyopenya hewani ikapindia mle kivulini. Kupatwa kwingine kama huko kutakuwa jioni ya tarehe 31 Desemba 2028, na Mwezi utachomoza kwetu ukiwa umekwisha kuanza kuliwa. Ni msimu wa mvua, kwa hiyo mwenye kuweza kusafiri azingatie mawingu.

Wengine huuliza kwa nini basi Mwezi usipatwe kila unapojaa. Ni kwa sababu njia yake imeinama nyuzi 5 hivi kuliko njia ya dunia kulizunguka jua, hivyo aghalabu hupita juu ya kivuli au chini yake.

Mwendo wenyewe waweza kuupima pasipo chombo. Angalia usiku mmoja Mwezi u karibu na nyota gani, na baada ya saa moja utaona umesogea kuelekea mashariki kiasi cha upana wake wenyewe. Usiku wa pili, saa ile ile, utakuwa nyuma sana, na kuchomoza kwake kutachelewa kwa dakika 50 hivi. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hili, kwani maji ya bahari nayo huchelewa kadiri hiyo kila siku, na mvuvi wa Kunduchi au Bagamoyo ajuaye kwamba bamvua huja Mwezi ukiandama na ukijaa, na maji mafu huja ukiwa nusu, anaisoma kalenda ya Mwezi katika mchanga. Sisi tulio mbali na bahari, ambao Rukwa yetu haina kupwa wala kujaa kwa kuonekana, hatuna budi kuisoma mbinguni.

Kuhusu kwamba Mwezi hutuonyesha uso mmoja siku zote, wako wanaosema kwamba ni dalili kuwa haujizungushi. Simama uwanjani, weka kigoda katikati, ukizunguke huku umekikabili muda wote, usikipe kisogo hata mara moja. Ukirudi ulipoanza utakuwa umeuelekea mlima, na nyumba, na barabara, na shamba, kila upande. Maana yake umejizungusha mara moja kamili. Mwezi hufanya hivyo kwa siku 27 na kitu. Upande wa pili wanadamu hawakupata kuuona mpaka Oktoba mwaka 1959, chombo cha Warusi, Luna 3, kilipoupiga picha, ikaonekana kwamba huko bahari ni haba na kasoko ni tele. Na mwaka 2024 Wachina wakaleta udongo wake kwa chombo cha Chang'e 6. Kuuita upande wa giza ni kukosea, kwa sababu jua huupata sawasawa na huu wetu.

Neno la mwisho ni daftari. Nunua la kawaida, chora kila usiku duara kwa kuzungushia kalamu mdomo wa kikombe, andika tarehe na saa, na uchore yale tu uliyoyaona, wala si yale uliyoyasoma. Weka alama ya Bahari ya Misukosuko kwa uangalifu, na upime kwa jicho ni nafasi kiasi gani iliyobaki kati yake na ukingo wa Mwezi. Usiiache kazi hiyo kwa mwezi mmoja ukadhani umekwisha. Rudi mwezi wa pili, na wa tatu, ulinganishe duara kwa duara, na utakuta kwamba nafasi ile haikai sawa: mara doa limejongea ndani, mara limejibana ukingoni hata limekuwa jembamba, na kasoko ya Alhazen ambayo uliitafuta mwezi uliopita ukaikosa sasa imejitokeza. Ni kwamba Mwezi, hasa kwa ajili ya ile njia yake isiyo duara kamili, hututikisia kichwa polepole, ukituonyesha kidogo shavu hili na kidogo shavu lile, hata jumla ya tuyaonayo ikawa sehemu 59 katika 100 badala ya nusu. Galileo, aliyeanza kuutazama kwa darubini mwaka 1609, alikuja kuligundua jambo hili uzeeni kabla hajapofuka.